Istilahi za usanifu wa michoro

Usanifu wa michoro (pia: ubunifu wa michoro) ni kazi ya kupanga maandishi, picha, maumbo na rangi ili ujumbe fulani umfikie msomaji kwa urahisi. Istilahi zake ni maneno yanayotumiwa na wasanifu, wachapaji na wateja wao wanapozungumzia nembo, mabango, vipeperushi, majalada ya vitabu, kadi za mwaliko, vifungashio na kurasa za tovuti. Makala hii inaeleza maneno anayoyahitaji kwanza mtu anayeanza, kwa mifano inayotoka hasa katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania.

Jina la Kiingereza la fani hii lilianza kujulikana baada ya Mmarekani William Addison Dwiggins kulitumia mwaka 1922, lakini kazi yenyewe ni ya kale kuliko jina. Katika Kiswahili maneno yake yamekuja kwa njia tatu. Yapo ya ufundi wa zamani, kama nakshi, pindo na ruwaza. Yapo ya shuleni na kwenye mitambo ya uchapaji, kama pambizo, aya na safu. Mengine yameingia pamoja na kompyuta, kama fonti, pikseli na ikoni. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa mwaka 1967, lina jukumu la kusanifisha istilahi, lakini katika steshenari za mitaani watu huendelea kutumia neno lililo karibu. Ndiyo maana mmoja husema mandharinyuma na mwenzake akasema bakigraundi, nao wanaelewana. Shida huanza pale mteja anaposema tu "ongeza ukubwa kidogo" na fundi asijue kama ni ukubwa wa herufi, wa picha au wa karatasi. Kosa hilo likigunduliwa baada ya kuchapa nakala 500, mmoja kati yao atalipia karatasi zilizoharibika.

Ukurasa na sehemu zake

Njia rahisi ya kuelewa ukurasa ni kutazama kanga. Kanga ina sehemu tatu zenye majina yanayojulikana: pindo, yaani ukingo unaoizunguka pande zote nne, mji, yaani eneo la katikati lenye picha au ruwaza kuu, na jina, yaani maandishi yanayowekwa chini ya mji. Aliyesanifu kanga ameshaamua jicho lianzie wapi na liishie wapi. Hayo hayo hufanyika kwenye karatasi.

Pambizo ni nafasi inayoachwa wazi kwenye kingo za ukurasa. Haina maandishi, lakini haipotei bure: huzuia herufi zisikatwe na humpa msomaji mahali pa kushika. Nafasi tupu ni neno pana zaidi, nalo lina maana ya sehemu yoyote iliyoachwa bila kitu ili kilicho karibu nayo kionekane. Wateja wengi huiogopa. Wakiona eneo jeupe hutaka lijazwe ua, nyota au picha ya pili, na matokeo yake ni kadi ya harusi ambayo tarehe yake inatafutwa kama sindano.

Mpangilio ni namna vitu vyote vilivyowekwa kwenye ukurasa. Gridi ni mistari isiyochapwa inayogawa ukurasa katika safuwima na safumlalo ili vitu vikae mahali panapolingana. Ulinganifu ni hali ya upande mmoja kufanana na wa pili, na uwiano ni uhusiano wa vipimo, kwa mfano kichwa cha habari kuwa na ukubwa mara tatu ya maandishi ya kawaida. Kipimo cha karatasi cha A4 ni milimita 210 kwa 297. Karatasi ya A3 ni A4 mbili zilizowekwa pamoja, na A5 ni nusu ya A4. Umbo halibadiliki, hivyo tangazo lililopangwa kwa A4 linaweza kukuzwa hadi A3 bila kuvurugika.

Herufi

Taipografia ni ufundi wa kuchagua na kupanga herufi. Fonti ni seti ya herufi, tarakimu na alama zenye mtindo mmoja. Fonti zenye vijimkia kwenye ncha za herufi, kama Times New Roman, huitwa fonti za serifu. Zisizo na vijimkia, kama Arial, huitwa fonti zisizo na serifu. Za kwanza zimezoeleka vitabuni na za pili kwenye mabango. Herufi zinaweza pia kuwa nzito au za mlazo. Ukubwa wake hupimwa kwa pointi, na katika kompyuta pointi 72 hufanya inchi moja. Maandishi ya kitabu huwa kati ya pointi 10 na 12.

Maandishi huwa na mwelekeo wa kingo. Yanaweza kupangwa kushoto, kulia, katikati, au kunyooshwa pande zote mbili kama katika magazeti. Hapa Kiswahili kina tatizo lake. Maneno kama "wanaowasilisha" au "yatakapokamilika" ni marefu, na katika safu nyembamba yakinyooshwa pande zote mbili huacha mashimo makubwa katikati ya mstari. Programu zilizotengenezwa kwa Kiingereza hukata maneno kwa kanuni za Kiingereza. Neno "kitenge" hukatwa ki-te-nge, wala si kiten-ge, kwa kuwa ng ni mwanzo wa silabi. Anayesanifu gazeti la shule hana budi kuzima ukataji wa moja kwa moja na kukata mwenyewe, au kupanga maandishi kushoto tu.

Alama ya ritifaa katika "ng'ombe" inahitaji kuangaliwa pia. Baadhi ya fonti za mapambo hazina alama hiyo, na mahali pake hutokea kisanduku au pengo. Bango la bucha lenye "ng ombe" ni kosa la fonti zaidi kuliko la mwandishi.

Rangi

Majina ya rangi katika Kiswahili yenyewe yanafundisha. Ni matatu tu yanayochukua viambishi vya ngeli kama vivumishi vingine: -eusi, -eupe na -ekundu. Mengi ya yaliyobaki yametokana na vitu: kijani kutoka jani, kijivu kutoka jivu, manjano kutoka kiungo, zambarau kutoka tunda, kahawia kutoka kahawa, zao linalojulikana vizuri mkoani Kagera. Ubaya wake ni kwamba vitu havifanani. Kijani cha mgomba si kijani cha chai, na mteja anayeagiza fulana 60 za "kijani" bila kuonyesha sampuli asishangae.

Kwa sababu hiyo wasanifu hutumia mifumo ya namba. RGB huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, nayo ni ya skrini. CMYK huchanganya wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi, nayo ni ya kuchapa. Mwanga ukiongezwa huelekea weupe. Wino ukiongezwa huelekea weusi. Kwa hiyo rangi inayong'aa kwenye simu hufifia kwenye karatasi, na fundi hajaiba wino.

Utofautishaji ni tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na mandharinyuma yake. Maandishi meusi juu ya manjano yanasomeka kwa mbali. Ya manjano juu ya meupe hayasomeki hata kwa karibu.

Maumbo, ruwaza na alama

Ruwaza ni umbo linalorudiwa kwa utaratibu. Ngara ina walimu wazuri wa jambo hili, nao ni wasusi wa vikapu. Kikapu cha duara huanzia kwenye kitovu na kupanuka, na msusi huhesabu mizunguko ili pembetatu au umeme wa rangi nyingine urudi mahali pake. Hakuna penseli wala rula. Ng'ambo ya mto Kagera, katika wilaya ya Kirehe nchini Rwanda, sanaa ya imigongo hutumia samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu kufanya matuta ya mistari na pembe, ambayo hupakwa hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mwanafunzi anayetaka kuelewa ulinganifu na marudio atajifunza mengi kwa kuchora upya ruwaza moja ya kikapu kwenye karatasi ya mraba.

Nembo ni alama inayotambulisha taasisi, biashara au chama. Inafaa isomeke ikiwa ndogo kama mhuri na ikiwa kubwa kama ukuta. Jembe na nyundo za Chama cha Mapinduzi hutambulika hata zikichapwa kwa rangi moja, na hicho ndicho kipimo kizuri cha nembo yoyote. Ikoni, au picha-alama, ni mchoro uliorahisishwa unaosimama badala ya neno. Huko Vienna, katika miaka ya 1920, Otto Neurath na wenzake walitengeneza mfumo wa michoro wa aina hiyo, ulioitwa baadaye Isotype, ili watu wa kawaida waweze kuelewa takwimu.

Umuhimu wa ikoni unaonekana kwenye daraja la Rusumo wilayani Ngara. Magari Tanzania hupita kushoto na Rwanda hupita kulia, hivyo dereva hubadilisha upande hapo mpakani. Mshale unamfikia dereva wa lori wa lugha yoyote kabla hajamaliza kusoma neno.

Ngazi za umuhimu: mfano wa bango la afya

Ngazi za umuhimu ni utaratibu unaomwonyesha msomaji kipi kisomwe kwanza, cha pili na cha mwisho. Hujengwa kwa ukubwa, uzito, rangi na mahali. Istilahi hii ndiyo yenye uzito kuliko zote katika makala hii, kwa sababu upungufu wake unaweza kugharimu zaidi ya karatasi.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa virusi vya Marburg vimethibitishwa wilayani Biharamulo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025, wagonjwa 2 walikuwa wamethibitishwa na 8 wengine kuhesabiwa kuwa yaelekea waliugua. Wote 10 walifariki. Katika hali kama hiyo bango ukutani kwa zahanati au stendi ya mabasi husomwa na mtu aliyesimama kwa sekunde chache, na pengine Kiswahili ni lugha yake ya pili baada ya Kishubi, Kihangaza au Kizinza.

Bango la namna hiyo huanza na tendo. "Usiguse mwili wa marehemu" ni agizo. "Elimu kwa jamii kuhusu tahadhari" ni jina la semina. Agizo likae juu kwa herufi nzito, lifuatwe na dalili chache, kila moja na ikoni yake: homa kali, kutapika, kuharisha, kutoka damu. Chini yake iwekwe namba ya simu ya kupiga, kwa tarakimu kubwa kuliko maandishi yaliyoizunguka. Nembo za wizara na wafadhili zipangwe mwisho kabisa, ndogo, kwenye mstari mmoja. Mabango mengi hugeuza ngazi hizi: nembo sita juu, jina la mradi katikati, na namba ya simu kwenye kona kwa pointi 9.

Faili na uchapaji

Pikseli ni nukta ndogo kabisa ya picha kwenye skrini. Picha ya rasta, kama ya kamera, imeundwa kwa pikseli, na ikikuzwa kupita kiasi huonyesha ngazi-ngazi. Mchoro wa vekta umeundwa kwa mistari inayokokotolewa, hivyo haupotezi ubora kwa kukuzwa. Nembo ichorwe kwa vekta, katika programu kama Adobe Illustrator, CorelDRAW au Inkscape, ambayo ni ya bure. Adobe Photoshop na GIMP ni za kushughulikia picha za rasta.

Rezolusheni ni idadi ya nukta katika inchi moja. Kwa kuchapa kitu cha kushikwa mkononi kipimo cha kawaida ni 300, kwa hiyo picha ya kujaza A4 inahitaji pikseli karibu 2480 kwa 3508. Bango la turubai linaloonekana ng'ambo ya barabara linaweza kutosheka na nusu ya kipimo hicho au chini zaidi. Picha zinazotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Zitumwe kama hati.

Faili za JPEG hufaa kwa picha za kamera, PNG huweza kuwa na mandharinyuma yasiyo na rangi, na SVG ni ya vekta. PDF hubeba fonti ndani yake, jambo linalomwokoa mtu anayepeleka kazi kwenye flashi katika steshenari ambayo haina fonti aliyoitumia. Kama rangi inafika hadi ukingoni, mandharinyuma yavuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande; ziada hiyo huondolewa na kisu, na bila hiyo mstari mweupe hubaki pembeni. Nakala ya majaribio ni karatasi moja inayochapwa kabla ya zote, nayo husomwa na mtu ambaye hakuisanifu, akianza na majina ya watu, tarehe na namba za simu.