Shaka ya Mchorongaji na Shaka ya Rubani

Mchorongaji wa kisima cha kuchepuka haoni aendako. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, visima vya mvuke hushuka hadi mita 3,000 hivi, na vingi huanza wima kisha vikalazwa, ili uwanja mmoja ulishe visima kadhaa. Kipimaji kilichomo ndani ya mabomba humpa mambo mawili: mwinamo, yaani kisima kimelala kiasi gani kutoka wima, na uelekeo wake kutoka kaskazini. La tatu, urefu, hulipata huku juu kwa kujumlisha mabomba yaliyokwisha kuingia. Mahali penyewe hakuna anayepapima. Hukokotolewa.

Hesabu hii ya urefu na uelekeo waliiishi pia marubani wa Bahari ya Hindi. Ahmad ibn Majid wa Julfar, aliyeandika Kitab al-Fawa'id karibu na mwaka 1490 na kutunga shairi la njia ya Sofala, alikuwa bingwa wao. Nikiziweka elimu hizi mbili ubavuni, naona zinapishana pale penye shaka. Mchorongaji ana hakika na urefu, ila uelekeo unamtia wasiwasi. Rubani alikuwa na hakika na nyota, ila mwendo aliukadiria. Kila mmoja amemwaga akili yake upande uliomlegea.

Tumtazame mchorongaji kwanza. Mabomba yake ni chuma, na chuma hupotosha sumaku. Ndiyo maana kipimaji huwekwa ndani ya bomba zito la madini yasiyovutwa na sumaku, na kaskazini ya sumaku husahihishwa iwe kaskazini ya kweli. Kosa la digrii 1 tu, kisima kikishasafiri mita 1,000 kwa ulalo, humpeleka pembeni zaidi ya mita 17. Tena kipimaji hakikai kwenye ncha inayokata mwamba. Kikiwa mita 15 nyuma yake, na ncha imefika mita 1,545, pembe iliyosomwa ni ya mita 1,530. Anayeiandika kwenye 1,545 amekisogeza kisima chote kwenye karatasi, na mwamba haujui.

Halafu kuna swali la kilichotokea kati ya kipimo na kipimo. Zamani wengi walichukua pembe ya mwisho na kupiga mstari ulionyooka. Mwaka 1972 Taylor na Mason walieleza njia ambayo leo ndiyo kanuni: chukulia kuwa kisima kimepita kwenye tao la duara linalogusa pembe zote mbili. Tuseme mwinamo ni digrii 20 kwenye mita 1,500 na digrii 24 kwenye mita 1,530, uelekeo haujabadilika. Mstari wa pembe ya mwisho unasema kisima kimekwenda pembeni mita 12.20, tao linasema 11.24. Karibu mita nzima imepotea ndani ya mita 30, na kosa hilo hujirudia kila hatua mwinamo unapoongezeka.

Rubani naye alipima kimo cha nyota ya Jaa, ile ya kaskazini, kwa kibao na uzi wenye mafundo, akihesabu vidole. Kidole kimoja ni kama digrii 1 na dakika 36. Umbali aliuhesabu kwa zamu za saa 3, na zamu 8 kuelekea kaskazini moja kwa moja ziliinua nyota kidole kimoja. Akienda mshazari, alijua aongeze zamu ngapi ili kupata kidole kilekile. Kadiri hiyo iliitwa tirfa. Wapo wanaoiita elimu hii uzoefu tu wa mabaharia. Nakataa. Tirfa ni pembetatu ileile ya mchorongaji, imesomwa kutoka ubavu mwingine. Kusini, Jaa ilipozama, marubani walihamia nyota za Farqadani na Na'shi, na hesabu ikaendelea. Palipowashinda ni mashariki na magharibi, ambako kimo cha nyota hakisemi kitu na mkondo humsukuma mtu bila kumwarifu.

Kwa hiyo karibu na nchi kavu rubani hakuitegemea hesabu peke yake. Alitazama ndege, rangi ya maji, nyoka wa baharini karibu na pwani ya magharibi ya India, akashusha bildi. Mchorongaji kwa kawaida hana pwani ya namna hiyo. Shaka yake huiandika kwa namba, kama yai linalozunguka kisima na kunenepa kadiri kinavyorefuka, mfano uliojengwa na Wolff na de Wardt mwaka 1981. Lakini mwaka 2010, kisima cha mafuta cha Macondo kilipolipuka katika Ghuba ya Meksiko na kingine cha kuokoa kikachorongwa ili kukiziba, yai hilo lilikuwa pana mno kwa kulenga bomba jembamba zaidi ya mita 5,000 chini ya usawa wa bahari. Wachorongaji wa kisima hicho cha kuokoa walipeleka umeme ardhini, wakasikiliza sumaku iliyozuka kwenye bomba la kisima kilicholipuka, na kwa ishara hiyo wakasahihisha njia hatua kwa hatua, hadi walipolifikia Septemba mwaka huohuo.