Kamba wa mabwawani, tumbo lao, na kolera ya ziwa letu

Kila mara tunapotangaza habari za kolera, swali lile lile linarudi kwenye simu ya redio: je, ugonjwa huu unatoka kwa samaki? Wengine wanasema ni ndakala. Wengine wanasema ni vile viumbe vya maji vyenye miguu mingi, kamba, ambavyo waliosoma Kifaransa wanaita krevete. Na wako wanaosema bila haya kwamba kolera inaletwa na wahamishwa. Nilipotafuta jibu nilijikuta nimefika mbali, kwenye mabwawa ya Asia ambako watu wanafuga kamba kama hapa Pepa watu wanavyofuga ng'ombe. Lakini njia ile inarudi mpaka Kalemie, kwa hiyo mnivumilie.

Kwanza, kamba wako hata katika ziwa letu. Ni wadogo, wengi hawafiki urefu wa kidole, wanajificha kwenye mawe na majani. Mwingereza J.E.S. Moore alifika ziwa Tanganyika katika miaka ya 1890 kutafuta viumbe vyake, na mwaka 1899 mwenzake W.T. Calman aliandika majina ya kisayansi ya kamba waliotoka humo. Mmoja alipewa jina la Moore mwenyewe. Watoto wa wavuvi waliwajua kamba hao kabla ya Moore kuzaliwa, lakini hilo ni jambo lingine. Hakuna anayewafuga hapa. Wao ni chakula cha samaki, na samaki ndio chakula chetu.

Kufuga kamba kwa njia ya kisasa kulianza Japani katika miaka ya 1930, Motosaku Fujinaga alipofaulu kuwazalisha kamba wa baharini na kuwalea toka mayai. Baada ya vita vya pili vya dunia kazi hiyo ilienea Taiwan, Thailand, Indonesia, na ng'ambo ya bahari mpaka Ecuador. Kwenye pwani ya Waswahili ilijaribiwa pia. Kule Ngomeni, karibu na Malindi nchini Kenya, mabwawa yalichimbwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Tanzania ilikubali mwaka 1997 mradi mkubwa sana kwenye delta ya Rufiji. Wenyeji wengi waliupinga wakiogopa kupoteza mikoko na mashamba yao, na mabwawa yale hayakujengwa.

Sasa tuingie ndani ya bwawa, maana siri iko huko.

Kamba hali kama samaki anayemeza mara moja. Anashika punje ya chakula kwa miguu ya mbele, anaitafuna polepole, na wakati huo sehemu ya chakula inayeyuka majini. Punje zenyewe zinatengenezwa kwa unga wa samaki, soya na ngano. Mfugaji akitupa nyingi kuliko wanavyoweza kula, zinazama na kuoza chini, na kamba wanaishi hapo hapo chini. Kile kinachooza kinalisha bakteria. Miongoni mwao kuna ukoo unaoitwa vibrio. Vibrio wanapenda gamba la kamba, wanalishika na kulila, na wanaishi pia ndani ya utumbo wake. Kamba mzima kabisa, asiye na ugonjwa wowote, anaweza kubeba vibrio tumboni. Ndiyo kusema kuwa na bakteria si ugonjwa. Ugonjwa unakuja pale ambapo chakula kimezidi, maji yamechafuka, kamba wamebanana, na aina moja ya vibrio inapata nafasi ya kuongezeka kuliko nyingine zote.

Wafugaji walipoona kamba wanakufa, wengi walichanganya dawa za antibiotiki kwenye chakula. Kwa muda ilionekana kusaidia. Lakini dawa ikiwa kwenye chakula kila siku, bakteria wanaokufa ni wale dhaifu, na wanaobaki ni wale ambao dawa haiwawezi. Wakati mwingine bwawa zima lilipotea, na dawa ilikuwa bado inamwagwa.

Wandugu, jambo hili si la kamba peke yake. Kolera ilipoenea Tanzania mwaka 1977, dawa ya tetrasiklini ilitolewa kwa wingi, kwa wagonjwa na hata kwa wasio wagonjwa ili kuwakinga. Baada ya miezi 5 tu, asilimia 76 ya vibrio waliopimwa walikuwa hawasikii tena dawa hiyo. Na Goma, Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipokufa kwa maelfu kando ya ziwa Kivu, vibrio waliokuwa wakiwaua nao walikuwa sugu kwa tetrasiklini. Kwa hiyo ukimwona mtu sokoni anauza vidonge viwili vya rangi mbili eti vya kuzuia kolera, jua kwamba njia hiyo ilijaribiwa kwa nchi nzima na ikashindwa.

Kwenye mabwawa, wengine walichukua njia tofauti. Badala ya kuua bakteria wote, walitia bakteria wema, wa jamii inayoitwa basili, ili wale mabaki ya chakula na kuwanyima vibrio nafasi. Mtaalamu David Moriarty aliandika mwaka 1998 juu ya mashamba ya Indonesia yaliyotumia maji ya aina moja, yenye vibrio wanaong'aa usiku. Mashamba yasiyotumia basili yalipoteza karibu kila bwawa kabla ya siku 80. Shamba lililotumia lilikuwa linalea kamba kwa zaidi ya siku 160 bila shida.

Hata hivyo vita havikuisha. Kuanzia mwaka 2009 huko China, halafu Vietnam, Malaysia na Thailand, kamba wadogo walianza kufa katika mwezi wa kwanza baada ya kutiwa bwawani. Ni mwaka 2013 tu ambapo kundi la Donald Lightner, huko Arizona, Marekani, lilimpata muuaji: vibrio anayekaa tumboni mwa kamba na kutoa sumu inayoharibu kiungo kinachofanya kazi ya ini. Yeye si vibrio wa kolera. Ni wa ukoo mmoja, kama vile fisi wa Marungu si mbwa wa nyumbani ingawa wote wana meno.

Na huyu wa kolera? Mwitaliano Filippo Pacini alimwona kwa darubini mwaka 1854 kwenye matumbo ya waliokufa. Wachache walimsikiliza. Mjerumani Robert Koch alimtoa tena mwaka 1884 huko Calcutta, India, na dunia ikakubali. Kwa karibu miaka mia moja watu walifikiri vibrio huyu anaishi ndani ya binadamu tu. Katika miaka ya 1970, Mmarekani Rita Colwell na wenzake walimkuta kwenye maji ya ghuba ambako hakukuwa na mgonjwa yeyote. Baadaye walionyesha kwamba anashikamana na magamba ya viumbe vidogo sana vinavyoelea majini, ndugu wa mbali wa kamba. Viumbe vya namna hiyo vimejaa katika ziwa Tanganyika; ndivyo vinavyonenepesha ndakala.

Hapo wengi watasema: basi, ziwa ndilo lenye hatia. Polepole. Ni kweli kwamba mwaka 2008 Didier Bompangue, munganga wa kwetu Congo, na wenzake walionyesha kwamba kolera mashariki inashikamana na miji ya kando ya maziwa, Kalemie ikiwemo. Lakini mwaka 2017 wataalamu wengine walisoma urithi wa vibrio kutoka nchi nyingi za Afrika. Wakakuta kwamba tangu 1970 kolera iliingia bara hili kutoka Asia si chini ya mara 11, ikapita kwa watu kutoka nchi hadi nchi. Wataalamu bado wanabishana kiasi gani ni ziwa na kiasi gani ni watu.

Mimi naona ushahidi wa Uvira unatosha kwa matumizi yetu. Mwaka 2015 ulitolewa uchunguzi uliolinganisha maji ya bomba la mji na wagonjwa waliopokelewa. Bomba likikauka siku nzima, wagonjwa katika siku 12 zilizofuata waliongezeka kwa asilimia 155, kulinganisha na siku ambayo maji yalitoka vizuri. Samaki walikuwa wale wale, ziwa lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mama alichukua bidoni akashuka ziwani.

Ndiyo maana neno la kwamba wahamishwa wanaleta kolera linaniuma. Vita vya 2016 na 2017 vilipowafukuza watu mpaka Katanika na kwingine kando ya Kalemie, walibanana penye vyoo vichache na maji machache. Mwaka ule wa 2017 Congo nzima ilihesabu wagonjwa zaidi ya 50,000 na vifo zaidi ya 1,000. Mfugaji yeyote wa kamba angeijua hali ile: wengi mahali padogo, uchafu usio na pa kwenda. Yeye angesafisha bwawa, asingewatukana kamba.

Kuhusu ndakala, mikebuka na kamba: wakiiva vizuri na kuliwa wakiwa moto, vibrio amekufa. Maji ndiyo ya kuogopa. Kuchemsha au kutia kloro ni bora kuliko yote, lakini najua kuni zinavyopatikana kambini.

Kwa siku isiyo na kuni wala kloro, kuna jambo lililofanyika Bangladesh. Kwa miaka mitatu, katika vijiji 65, kundi la Colwell liligawa kazi: akina mama wa vijiji vingine wachuje maji kwa sari iliyochakaa, iliyokunjwa mara nne au zaidi, ili kuzuia vile viumbe vyenye vibrio. Kolera ilipungua karibu nusu. Nguo iwe ya pamba na iliyozeeka, maana kufuliwa mara nyingi kunabana matundu yake. Kikwembe cha zamani cha pamba kinafanana nayo. Kisha kinafuliwa na kukaushwa juani. Haizuii kila vibrio, na mtoto mchanga asipewe maji hayo peke yake. Watafiti waliporudi miaka mitano baadaye, karibu theluthi moja ya wanawake walikuwa bado wanachuja.