Miji ya Mlima Kenya: Jinsi ya kupata malazi na mlo usiosahaulika

WENGI wa wageni wanaofika Nyeri huwa wako njiani kwenda kwingine. Wapo wanaoelekea kuukwea Mlima Kenya, wapo wanaokimbilia mbuga ya Aberdare kutazama wanyama, na wapo waliokuja harusini au mazishini wakihitaji tu kitanda cha usiku mmoja. Kwa sababu hiyo, hulala katika jengo la kwanza wanaloliona kando ya barabara, hula chipsi na kuku ambao wangewapata Nairobi, kisha huondoka bila kujua walikuwa wapi.

Hiyo ni hasara kwa pande zote mbili. Mgeni huondoka bila kumbukumbu, naye mwenyeji mwenye kahawa, viazi, samaki na historia hubaki mikono mitupu. Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona iwapo pesa za mgeni zinapita mjini bila kutua.

Jina kubwa si hakikisho

Eneo hili lina hoteli ambazo majina yake yalivuma duniani. Hoteli ya Outspan mjini Nyeri ilifunguliwa mwaka 1928 na Eric Sherbrooke Walker. Katika uwanja wake ndimo ilimo nyumba ndogo ya Paxtu, alimoishi Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha skauti, kuanzia mwaka 1938 hadi alipoaga dunia Januari 8, 1941. Kaburi lake limo mjini humo, na maskauti kutoka mataifa mengi huja kulizuru.

Walker huyo huyo ndiye aliyejenga Treetops mwaka 1932, nyumba ya mbao iliyowekwa juu ya mti wa mugumo katika msitu wa Aberdare ili wageni waweze kutazama wanyama wakija kunywa maji usiku. Humo ndimo alimokuwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza usiku wa kuamkia Februari 6, 1952, ambao babake, Mfalme George wa Sita, alifariki. Mnamo Mei 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliiteketeza nyumba hiyo, na jengo kubwa zaidi likajengwa karibu na hapo mwaka 1957.

Hata hivyo, sifa hizo zote hazikuikinga. Janga la korona lilipokatiza safari za watalii, Treetops ilifunga milango yake, na Malkia Elizabeth alipofariki Septemba 2022 ilikuwa bado imefungwa. Funzo ni kwamba msafiri asitegemee jina aliloliona katika kitabu cha zamani cha watalii. Hoteli hufungwa, hukarabatiwa na hubadilisha wenyewe. Apige simu kwanza, aulize ikiwa vyumba vinatumika na jikoni kunapikwa, ndipo afunge safari.

Anayetaka kuwatazama wanyama usiku ana njia nyingine. The Ark, iliyojengwa mwaka 1969 kwa umbo la safina, iko ndani ya msitu huo huo. Wageni hukusanyika Aberdare Country Club, karibu na Mweiga, kisha hupelekwa msituni kwa basi. Usiku, kengele hulia vyumbani ndovu au kifaru anapofika kidimbwini, na anayependa usingizi kuliko wanyama anaweza kuizima yake.

Neno 'hoteli' lina maana mbili

Mgeni anapaswa kujua kwamba katika miji hii neno 'hoteli' mara nyingi humaanisha mahali pa kula tu. Mwenyeji akimwelekeza mtu kwenye hoteli nzuri, huenda ana maana ya chumba chenye meza sita, chai ya maziwa na maandazi. Anayetafuta kitanda aulizie malazi au vyumba vya kulala.

Katika hoteli hizo ndogo ndimo chakula cha eneo hili kilimo. Mukimo, yaani viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na majani ya maboga, huliwa na mchuzi wa nyama. Githeri ya mahindi na maharagwe haikosekani. Njahi, zile kunde nyeusi zenye mstari mweupe, ni chakula cha heshima ambacho tangu jadi hupikiwa mama aliyejifungua. Nyama choma huuzwa kwenye buchari: mteja huchagua kipande kinachoning'inia, hupimiwa kwa kilo, kisha husubiri kikichomwa juu ya makaa na kuletwa kwenye ubao pamoja na ugali na kachumbari. Anayeharakisha asiagize nyama choma. Akate njaa kwa mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu, ambao huuzwa jioni kando ya njia.

Chema chajiuza, wanena wahenga, lakini katika miji hii chema mara nyingi hakina hata bango. Dalili zake ni nyingine. Mjini Karatina, kwenye mojawapo ya soko kubwa za wakulima nchini, inafaa kutazama wachuuzi na madereva wa matatu wanakoingia saa saba mchana. Watu hao hula nje kila siku na hawana pesa za kupoteza. Sufuria inayokwisha kabla ya saa tisa ni ushahidi kwamba chakula kilipikwa siku hiyo. Orodha ndefu ya vyakula vya kila aina ukutani ni jambo la kutiliwa shaka, maana jiko dogo haliwezi kuwa na vyote hivyo vikiwa vibichi.

Samaki wa mlimani na kahawa iliyosafiri

Mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya na Aberdare ina maji baridi, na humo huishi samaki aina ya trauti. Samaki huyu si mwenyeji. Mayai yake yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 kwa juhudi za Ewart Grogan na kutiwa katika Mto Gura. Leo anafugwa katika vidimbwi, na sehemu kadhaa humpika.

Mkahawa wa Trout Tree, kando ya barabara kuu kusini mwa Nanyuki, umejengwa juu ya matawi ya mugumo mkubwa. Samaki huvuliwa kwenye vidimbwi vilivyo chini yake, na mbega hurukaruka karibu na wateja. Kule Timau, kwenye barabara ya kuelekea Meru, shamba la Kentrout limefuga samaki huyo kwa miaka mingi. Mjini Embu, hoteli ya Izaak Walton ilipewa jina la Mwingereza aliyechapisha kitabu cha uvuvi mwaka 1653, ishara kwamba wavuvi wa trauti walikuwa miongoni mwa wageni wa mwanzo wa eneo hilo.

Kahawa ni kisa cha kusikitisha zaidi. Zao la Nyeri hutafutwa na wachomaji kahawa wa Ulaya na Marekani, nao hulitangaza kwa jina la kaunti hii. Lakini mgeni anayeagiza kahawa mjini Nyeri anaweza kuletewa maji moto na kopo la kahawa ya unga. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya zao hilo husafirishwa ng'ambo, na wenyeji wenyewe hunywa chai. Inafaa mgeni aulize waziwazi kama kuna kahawa ya kusagwa iliyolimwa karibu. Kila anayeuliza humpa mwenye mkahawa sababu ya kuinunua.

Historia iliyo karibu na kitanda

Malazi hukumbukwa zaidi yanapokuwa karibu na jambo la kuonwa. Nyeri ina historia ya Waitaliano ambayo wapitaji wengi hawaijui. Wamishenari wa Consolata kutoka Turin walifika nchini mwaka 1902 na kulifanya eneo la Nyeri kitovu cha kazi yao. Baada ya majeshi ya Italia kushindwa Ethiopia mwaka 1941, maelfu ya mateka waliletwa Kenya. Katika kanisa la kumbukumbu lililoko Mathari kumehifadhiwa mabaki ya mamia ya wale waliofia kizuizini, pamoja na kaburi la Mtawala wa Aosta, aliyekuwa kamanda wao na ambaye alifariki Nairobi Machi 1942.

Kisa kingine kilitukia Nanyuki. Mnamo Januari 1943, mateka Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kambini, si kwa lengo la kurudi kwao bali kuukwea mlima waliokuwa wakiutazama kila siku kupitia seng'enge. Wawili kati yao walifika kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985, wakasimika bendera yao, kisha wote watatu wakarudi na kujisalimisha. Wakwezi wa leo wanaolala Naro Moru huuona mlima huo huo, na Naro Moru River Lodge imewahudumia wengi wao kabla ya safari ya kupanda.

Nanyuki pia ndiko iliko Mount Kenya Safari Club, iliyoanzishwa mwaka 1959 na mwigizaji wa filamu William Holden pamoja na wenzake. Mstari wa ikweta hupita katika uwanja wake. Bei yake si ya kila mtu. Asiyeimudu anaweza kula Barney's, kwenye uwanja mdogo wa ndege, akitazama ndege zikitua, au aende siku moja katika hifadhi ya Ol Pejeta, wanakoishi Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani.

Kwa mwenye mfuko mwembamba, nyumba za wageni za makanisa ni chaguo la busara. Huwa safi, tulivu na nafuu, ingawa nyingi haziruhusu pombe na lango hufungwa mapema.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa

Nyota za hoteli hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Hizo hupima vifaa, usafi na huduma. Hazisemi kama chakula kina ladha ya mahali, wala hazisemi kama chumba kiko juu ya baa. Hili la mwisho ni muhimu, kwani katika miji hii majengo mengi huwa na baa chini na vyumba juu, na muziki wa Ijumaa na Jumamosi huendelea hadi usiku wa manane. Mgeni aombe kuona chumba kabla ya kulipa, na akiweza akione jioni.

Baridi nayo si ya kupuuzwa. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti ukungu hutanda hadi mchana. Aulize kuhusu maji moto, saa yanapopatikana, na idadi ya blanketi. Chumba chenye mahali pa kuota moto kinafaa nyongeza ya bei. Vilevile aombe dirisha linaloelekea mlimani, kwa kuwa kilele huonekana vizuri alfajiri kabla ya mawingu kukifunika.

Bei pia ina tabaka. Hoteli nyingi za kitalii hutoza raia na wakazi wa Afrika Mashariki kiwango cha chini kuliko wageni wa ng'ambo, na hushusha bei wakati wa mvua ndefu za Machi hadi Mei. Ni lazima kuuliza, maana si kila mhudumu atalisema hilo mwenyewe.

Mwisho ni kalenda. Sista Irene Stefani, aliyeitwa Nyaatha na wenyeji, alipotangazwa mwenye heri mjini Nyeri Mei 23, 2015, umati mkubwa ulifurika mjini. Maonyesho ya kilimo ya Kabiru-ini nayo hujaza vyumba kila yanapofanyika. Anayefika siku kama hizo bila kuweka nafasi hulala alikopata, si alikotaka.

Hakuna hata moja kati ya maswali haya linalogharimu pesa. Mgeni akiyauliza hupata usiku wa kusimulia, na shilingi yake humfikia mfugaji wa samaki, mkulima wa kahawa na mama wa mukimo, ambao hawajawahi kuwa na pesa za kuweka bango barabarani.