C. Judson King

Cary Judson King III (alizaliwa Fort Monmouth, New Jersey, 27 Septemba 1934), ajulikanaye zaidi kama C. Judson King, ni mhandisi kemikali na mwalimu wa chuo kikuu kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa utafiti wake kuhusu ukaushaji wa vyakula, kwanza kwa njia ya kugandisha na baadaye kwa njia ya kunyunyiza, na kwa kitabu chake cha kufundishia namna ya kutenganisha michanganyiko. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliitumia katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kuanzia mwaka 1996 hadi 2004 alikuwa provosti wa Chuo Kikuu cha California chenye kampasi zake zote, yaani msimamizi mkuu wa mambo ya taaluma.

Elimu na mwanzo wa kazi

King alipata shahada ya kwanza ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1956. Baadaye alijiunga na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), alipopata shahada ya uzamili mwaka 1958 na ya uzamivu mwaka 1960. Katika taasisi hiyo alisimamia kituo cha Bayway, New Jersey, kimojawapo cha vituo vya shule ya mafunzo kwa vitendo ya MIT. Shule hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1916, huwapeleka wanafunzi wa uhandisi kemikali viwandani ili watatue matatizo halisi ya mitambo chini ya uangalizi wa mwalimu.

Mwaka 1963 alihamia Berkeley, ambako idara ya uhandisi kemikali iko ndani ya Chuo cha Kemia. Huko ndiko alikoanza utafiti wa vyakula.

Kukausha kwa kugandisha

Ili kuelewa mchango wa King ni lazima kwanza kuelewa tatizo lenyewe. Dagaa wanapoanikwa juani, maji yaliyomo ndani yao husafiri hadi juu ya ngozi yakiwa kimiminiko, kisha hugeuka mvuke. Yanaposafiri hubeba chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka, na nyama husinyaa. Kitu kilichokauka namna hii hudumu muda mrefu, lakini kikilowekwa hakirudii umbo lake la kwanza, na ladha yake imebadilika.

Katika ukaushaji kwa kugandisha, chakula hugandishwa kwanza, kisha huwekwa katika chumba ambamo hewa imeondolewa karibu yote. Maji yana tabia moja muhimu: kanieneo ya mvuke wake ikiwa chini ya paskali 611 hivi, hayawezi kukaa katika hali ya kimiminiko. Barafu ikipewa joto katika mazingira hayo hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka. Mahali palipokuwa na barafu hubaki tundu dogo. Chakula hubaki na umbo lake, kikiwa chepesi na chenye matundu kama sifongo, na kikitiwa maji huyanywa upesi.

Njia hii ilitumika sana wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kuhifadhi plazma ya damu na penisilini. Katika miaka ya 1960 wengi walitarajia kwamba ingeweza pia kuchukua nafasi ya makopo na majokofu katika biashara ya vyakula. Jeshi la Marekani lilitumia chakula cha aina hii kwa askari wa doria ndefu huko Vietnam, na viwanda vilianza kuuza kahawa iliyokaushwa kwa kugandisha. Kikwazo kilikuwa gharama. Kugeuza kilo moja ya barafu kuwa mvuke kunahitaji takriban kilojuli 2,840 za joto, tena kazi huchukua saa nyingi ndani ya mtambo ghali wa ombwe. Swali la viwanda lilikuwa rahisi kutamka: kwa nini ukaushaji huu ni wa polepole hivyo, na je, unaweza kuharakishwa?

Mpaka wa barafu unaorudi nyuma

King na wenzake walilichunguza swali hilo kwa kutumia nyama ya bata mzinga. Makala waliyoitoa mwaka 1967 yeye, Orville Sandall na Charles Wilke ilieleza uhusiano kati ya kasi ya kukauka na uwezo wa nyama kupitisha joto na mvuke.

Maelezo yao yanategemea picha ifuatayo. Kipande cha nyama iliyogandishwa huanza kukauka kwa nje. Baada ya muda kina sehemu mbili: tabaka kavu nje na kiini cha barafu ndani, na kati yake kuna mpaka ulio wazi. Kadiri kazi inavyoendelea mpaka huo hurudi ndani kwa usawa pande zote. Joto linatoka nje, hivyo ni lazima lipite katika tabaka kavu ili liifikie barafu. Mvuke nao unatoka kwenye barafu, hivyo ni lazima upite katika tabaka hilohilo ili utoke.

Tabaka kavu lenye matundu na hewa chache hupitisha joto kwa shida sana. Kwa maneno mengine, kadiri chakula kinavyokauka ndivyo kinavyojifunika blanketi. Matokeo yake mwanafunzi anaweza kuyakadiria kwa hesabu ndogo: ikiwa kasi inapungua kwa uwiano na unene wa tabaka kavu, basi muda wote wa kukausha huongezeka kwa mraba wa unene wa kipande. Kipande kinachokauka kwa saa 6, kikifanywa kinene mara mbili, kitahitaji saa 24 hivi.

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni kuongeza moto. Maelezo ya mpaka unaorudi nyuma yanaonyesha kwa nini haitoshi. Uso wa nje uliokwisha kukauka haupaswi kupita joto ambalo litaubadilisha rangi au kuuunguza, na barafu iliyo ndani haipaswi kuyeyuka. Mwendeshaji wa mtambo amebanwa kati ya mipaka hiyo miwili. Kinachobaki ni kupunguza unene wa vipande, au kulifanya tabaka kavu lipitishe joto vizuri zaidi. Njia mojawapo ya kufanya hivyo ni kuacha gesi kidogo ndani ya matundu, hasa gesi nyepesi kama heli, ambayo hupitisha joto kuliko hewa. Lakini gesi ikizidi huuzuia mvuke usitoke. Kwa hiyo kuna kiwango kinachofaa, na kiwango hicho kinaweza kukadiriwa kabla ya kujenga mtambo.

King alijaribu pia njia za kuepuka gharama ya ombwe kali, ikiwemo kuchanganya au kupanga kwa matabaka chakula kilichogandishwa na vitu vinavyofyonza mvuke, huku gesi ikizungushwa kati yake. Mwaka 1971 alikusanya maarifa ya fani hii katika kitabu Freeze Drying of Foods.

Kuporomoka kwa umbo

Nyama ina nyuzi zinazoshikilia umbo lake. Maji ya matunda na kahawa iliyochemshwa havina. Vinapogandishwa, maji halisi hujitenga kuwa fuwele za barafu, na sukari pamoja na vitu vingine hubaki kati ya fuwele vikiwa uji mzito sana. Joto likipanda kidogo, uji huo hulegea na kutiririka kabla haujakauka. Matundu huziba, povu hutokea, na kinachopatikana ni gamba linalonata badala ya unga.

Katika makala za mwanzoni mwa miaka ya 1970, King na R. J. Bellows waliliunganisha jambo hili na mnato wa uji uliobaki kati ya fuwele. Kila kimiminiko kina joto lake la kuporomoka. Kwa kahawa walipata takriban nyuzi −20 za Selsiasi, na kwa maji ya machungwa takriban −24. Matunda yenye sukari nyepesi kwa wingi huporomoka kwa joto la chini zaidi, ndiyo maana ni magumu kukausha yakiwa peke yake. Kuongeza dutu zenye molekuli kubwa, kama zile zitokanazo na wanga, hupandisha joto hilo na kurahisisha kazi.

Harufu inabakije?

Kahawa bila harufu yake haina mnunuzi. Vitu vinavyoleta harufu ya vyakula huwa vichache mno kwa uzito, na vingi huruka upesi kuliko maji. Kwa mantiki ya kawaida vingepaswa kuondoka vyote kabla maji hayajaisha. Hata hivyo chakula kilichokaushwa vizuri hubaki na sehemu kubwa ya harufu yake.

Maelezo yaliyokubalika, ambayo yalitokana kwanza na kazi ya H. A. C. Thijssen wa Uholanzi, ni kwamba kimiminiko kinapokolea, molekuli kubwa za harufu hushindwa kupenya ndani yake mapema kuliko molekuli ndogo za maji. Maji huendelea kutoka, harufu hunaswa ndani. Maabara ya King iliipeleka hoja hii katika ukaushaji kwa kunyunyiza, ambao ndio unaotumika kutengeneza maziwa ya unga: kimiminiko hurushwa kama matone madogo ndani ya mnara wenye hewa ya moto, na matone hukauka yakiwa bado hewani.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1980, Theo Kieckbusch na King walionyesha kwamba harufu nyingi hupotea karibu na tundu la kunyunyizia, katika muda mfupi sana ambapo kimiminiko kinapasuka kuwa matone na ngozi kavu bado haijajijenga. Funzo lake kiwandani ni la moja kwa moja. Aliyetaka kuokoa harufu kwa kurekebisha sehemu ya chini ya mnara alikuwa amechelewa. Anapaswa kushughulikia tundu lenyewe, joto la hewa mahali hapo, na kukoleza kimiminiko kabla hakijanyunyizwa.

Ufundishaji

Mwaka 1971 King alitoa pia Separation Processes, kitabu cha kiada kilichopata toleo la pili mwaka 1980. Kazi nyingi za viwanda vya kemia ni za kutenganisha: kukereka, kufyonza, kuchuja, kukausha, kuchota kwa kutumia kiyeyushi. Vitabu vingi vilizifundisha moja baada ya nyingine, kila mtambo na kanuni zake. King alizipanga kwa misingi inayozihusu zote: tofauti gani kati ya vitu inatumika kuvitenganisha, nishati kiasi gani inahitajika, na ni kwa sababu gani mhandisi achague njia moja na kuacha nyingine. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo anaweza kukabili mchanganyiko ambao haumo kitabuni.

Katika miaka ya baadaye utafiti wake uligusa pia namna ya kuondoa asidi za kikaboni kutoka kwenye maji kwa viyeyushi. Mwaka 1987 aliongoza kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani iliyotoa ripoti kuhusu mahitaji ya fani ya utenganishaji.

Uongozi

King aliongoza idara ya uhandisi kemikali ya Berkeley kuanzia 1972 hadi 1981, kisha akawa mkuu wa Chuo cha Kemia hadi 1987. Baada ya hapo alisimamia vitivo vya taaluma za kazi katika kampasi hiyo, na mwaka 1994 akaingia ofisi kuu ya Chuo Kikuu cha California. Alipokuwa provosti, chuo hicho kilikuwa katika maandalizi ya kampasi mpya ya Merced, iliyofunguliwa mwaka 2005. Kipindi hicho pia wapiga kura wa California walipitisha, mwaka 1996, sheria iliyokataza vyuo vya umma kutumia asili ya mtu kama kigezo cha kumpokea, hivyo chuo kililazimika kutafuta njia nyingine za kuwafikia vijana wa shule zisizo na uwezo.

Baada ya kuacha uprovosti mwaka 2004 aliongoza Kituo cha Masomo ya Elimu ya Juu, Berkeley. Mwaka 2018 alichapisha kitabu kinachoeleza jinsi Chuo Kikuu cha California kilivyojenga ubora wake kikiwa chuo cha umma.

Tuzo

King alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Taifa ya Uhandisi ya Marekani mwaka 1981. Taasisi ya Wahandisi Kemikali ya Marekani imemtunuku, miongoni mwa nyingine, tuzo iitwayo kwa jina la Warren K. Lewis, ambayo hutolewa kwa mchango katika ufundishaji wa uhandisi kemikali.

Umuhimu

Matarajio ya miaka ya 1960 hayakutimia yote. Ukaushaji kwa kugandisha haukuchukua nafasi ya makopo wala majokofu, na sababu ni ileile iliyo katika maelezo ya mpaka unaorudi nyuma: joto hupita kwa shida katika kitu kilichokwisha kukauka, na hakuna ufundi unaoweza kuifuta kanuni hiyo. Njia hii imebaki kwa vitu ambavyo thamani yake inalipa gharama, kama kahawa bora, vipande vya matunda, chakula cha wanaanga na wapanda milima, na hasa dawa. Chanjo ya surua na ya kifua kikuu (BCG) hufika zahanati zikiwa unga mkavu ndani ya kichupa, uliokaushwa kwa kugandisha, na muuguzi huutia kimiminiko kabla ya kuchanja. Maarifa ya kuporomoka kwa umbo na ya kasi ya kukauka, yaliyochunguzwa kwa nyama, kahawa na maji ya matunda, yanahusu pia unga huo.

Vitabu

Freeze Drying of Foods (1971)
Separation Processes (1971, toleo la pili 1980)
The University of California: Creating, Nurturing, and Maintaining Academic Quality in a Public University Setting (2018)