Rangi ya dhahabu ya Namoya na miaka inayokosekana

Dhahabu ya Namoya, katika teritwari ya Kabambare, Maniema, hupimwa kwa mizani lakini hutambuliwa kwa jicho. Ni ule umanjano uliobaki chini ya karai unaomwambia mchimbaji kwamba siku yake haikupotea. Mbona basi fedha ni nyeupe na dhahabu ni ya manjano, ilhali zote mbili zimo katika safu moja ya jedwali la elementi? Kiini cha atomi ya dhahabu kina protoni 79, na mvuto wake ni mkali hata elektroni zilizo karibu nacho hukimbia zaidi ya nusu ya mwendo wa nuru. Kwa mbio za namna hiyo hesabu za kawaida hukwama, na inabidi kuiita nadharia ya Einstein. Ukikokotoa bila Einstein, dhahabu hutoka nyeupe kama fedha. Ukimwingiza, ngazi za elektroni za nje husogea, dhahabu humeza nuru ya buluu na kuirudisha nyingine, na jicho huona manjano. Hesabu ya aina hiyo ilichapishwa na N. E. Christensen na B. O. Seraphin mwaka 1971. Hawakuhitaji shimo la mgodi; walihitaji milinganyo, kompyuta, na muda wa kukaa na swali moja.

Historia ya Maniema imezoeleka kuandikwa kwa kuhesabu vilivyotoka. Zilitoka pembe za ndovu na watu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, Kasongo ilipokuwa mji mkubwa wa Waungwana. Ikafuata kasiterite, kampuni ya Symétain ilipoundwa mwaka 1932 na kujikita Kalima, kisha SOMINKI ikarithi migodi mwaka 1976. Sasa ni dhahabu na koltani. Elimu ya kwa nini vitu hivyo viko jinsi vilivyo ilitafutwa kwingine. Si lazima iendelee hivyo. Fizikia ya maada inayofanywa kwa nadharia na kompyuta ni sayansi ambayo watu wetu wangeweza kuiingia bila kungoja kwanza kutajirika, na kinachowazuia si mashine wala akili. Ni ile miaka miwili mitatu baada ya shahada ya uzamivu, mtafiti anapolipwa ili atafiti tu, ambayo kwetu haipo.

Mwaka 1964 yalitokea mambo mawili yaliyoifungulia sayansi hiyo njia. Pierre Hohenberg na Walter Kohn walithibitisha kwamba si lazima kuifuata kila elektroni moja moja ndani ya kitu. Yatosha kujua msongamano wa elektroni mahali hadi mahali. Ni kama mtu anayetaka kuujua mnada wa Kasongo: badala ya kumwandama kila muuzaji na kila mnunuzi, anatazama tu watu wamesongamana wapi na wametawanyika wapi. Mwaka uliofuata Kohn na Lu Sham waliigeuza hoja hiyo kuwa njia ya kukokotoa, na mwaka 1998 Kohn akapewa Nobel ya kemia. Mwaka huohuo wa 1964 Abdus Salam wa Pakistani alianzisha kituo cha fizikia ya nadharia mjini Trieste, Italia, kwa ajili ya wanasayansi wa nchi maskini. Mito hiyo miwili ilikuja kukutana: Quantum ESPRESSO, programu ya kukokotoa tabia za maada iliyokulia Trieste, hutolewa bure kwa yeyote anayeitaka.

Linganisha na njia nyingine tuliyowahi kuijaribu. Mwaka 1959 Chuo cha Lovanium, Kinshasa, kiliwasha tanuri la nyuklia la TRICO, la kwanza Afrika, na mwaka 1972 likafuata la pili. Hilo la pili limezimwa tangu 2004. Mashine kubwa hudai mafuta yake, vipuri vyake na bajeti isiyokatika. Hesabu hudai kidogo, na ndiyo sababu imesafiri. Shule ya Afrika ya kukokotoa maumbile ya elektroni, ASESMA, ilianza Cape Town mwaka 2010. Mwaka 2012 ilifanyika Eldoret, Kenya, ambako limekua kundi la watafiti wa fani hii. Mwaka 2018 ikafunguliwa Kigali taasisi ya EAIFR, yenye uhusiano na Trieste. Kutoka Kasongo, Kigali ni karibu kuliko Kinshasa, ingawa tuliosoma kwa Kifaransa tutakutana na Kiingereza mlangoni.

Wapo watakaosema haya ni maneno ya walioshiba. Barabara ya Kasongo haipitiki masika, umeme ni wa paneli na jenereta, na wewe unaleta habari za elektroni? Umeme kweli ni shida, ila mtafiti hukokotoa kwenye kompyuta kubwa iliyo mbali na kuiagiza kwa intaneti. Na Kasongo si ngeni kwa sayansi. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa timu ya Mradi wa Kasongo, iliyopima kama chanjo ya surua inawaongezea uhai watoto wa miezi 7 hadi 35. Madaktari duniani bado wanautaja. Uliwezekana kwa sababu watu walilipwa kukaa hapahapa, wakawafuata watoto walewale kwa miaka.

Pingamizi zito zaidi ni hili: ukimpa kijana miaka hiyo ya utafiti ughaibuni, harudi. Salam alilijua kwa mwili wake. Alirudi Lahore mwaka 1951, akakosa wa kujadiliana naye, na mwaka 1954 akaondoka. Dawa aliyoibuni Trieste haikuwa kuwafungia watu nyumbani: ilikuwa kuwaita kwa miezi michache kisha kuwarudisha kazini kwao, tena na tena. Anayehama huukimbia upweke wa akili kabla ya kuukimbia mshahara mdogo, ingawa mshahara nao si mzaha.

Kongo tuna kasoro yetu ya ziada. Ngazi ya chuo kikuu humpandisha mtu kutoka asistenti hadi CT (chef de travaux), na akishapata udaktari huitwa profesa mara moja. Cheo ni kizuri, lakini huja na madarasa, mitihani na mikutano isiyokwisha, katika umri uleule ambao mwenzake wa Trieste anakaa na swali moja tu. Wakuu wa vyuo vya Kisangani, Bukavu na Kindu hawahitaji kujenga maabara ili kulirekebisha hilo. Wamteue daktari mmoja wa fizikia, wamwachie miaka miwili bila kipindi hata kimoja, mshahara wake ufike kila mwezi, na wamwandikie barua ya kwenda Kigali.