Kuonja Ikigage: Ladha kama Ushahidi wa Historia

Kwetu Nkungu, wilayani Rusizi, pombe ya mtama huitwa ikigage. Katika insha hii ninadai kuwa ladha yake ni ushahidi wa kihistoria, kama zilivyo barua za watawala.

Mtama huloweshwa hadi uchipue, ukaanikwa na kusagwa. Kimea hicho huitwa amamera. Unga wake hupikwa, kisha hutiwa chachu. Pombe iliyoiva huwa nzito, yenye rangi ya udongo. Utamu wa kimea hutangulia, uchachu ukafuata. Mwenyeji huionja kwanza, tendo liitwalo gusogongera, ili mgeni aone kuwa haina sumu. Kwa hiyo kuonja ni ahadi ya usalama kabla ya kuwa starehe.

Mtama huohuo ulibeba ufalme. Katika umuganura, sherehe ya mavuno mapya, mwami alionja mazao ya kwanza kwa niaba ya nchi. Mwaka 1925 Wabelgiji walimhamishia Burundi Gashamura, mkuu wa ibada hiyo, na sherehe ya ikulu ikakoma. Mwaka 1957 ikaanzishwa Bralirwa, na bia ya chupa ikaenea. Chupa hufunguliwa mbele ya mgeni; haihitaji mwonjaji.

Leo umuganura huadhimishwa tena kila Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Hata hivyo, tukisoma nyaraka za wakoloni peke yake, tutajua nani alihamishwa, wala hatutajua nini kilipotea. Hilo tuwaulize wazee wapikao ikigage, wangali hai.