Nambari ya joto la prosesa hutoka wapi?

Leo tuweke kodi kando tuzungumzie historia kidogo. Kuna nambari moja inayowatia watu wengi wasiwasi: joto la prosesa. Mtu ana kompyuta tulivu nyumbani, feni haisikiki, anafungua programu ya kupima joto na kukuta nyuzi 55. Papo hapo anadhani mashine inaungua. Kabla hujakimbia dukani kununua feni kubwa zaidi, tuangalie nambari hiyo ilikuja vipi.

Zamani haikuwapo kabisa. Prosesa nyingi za 486, mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilifanya kazi bila feni. Pentium ilipotoka mwaka 1993, feni juu ya prosesa ikawa jambo la kawaida. Katikati ya muongo huo, bodi mama zikaanza kuwekwa chipu za kufuatilia joto, kama LM78 ya National Semiconductor. (Wale wa Linux, jina la lm_sensors lilianzia huko.) Lakini kihisi chenyewe mara nyingi kilikaa kwenye bodi, chini ya soketi. Kilipima joto la jirani, si la mwenye nyumba.

Baadaye dayodi ya kupimia iliingizwa ndani ya prosesa yenyewe. Pentium III ya mwaka 1999 ilikuwa nayo. Kisha Pentium 4, iliyotoka Novemba 2000, ikaja na uwezo wa kujipunguzia kasi ikizidiwa na joto. Faida yake ilionekana mwaka 2001, tovuti ya Tom's Hardware ilipoondoa vipozeo juu ya prosesa zikiwa kazini. Pentium 4 ilipunguza mwendo ikaendelea. Athlon ya AMD ilitoa moshi ikafa.

Sasa tufike kwenye mkanganyiko wenyewe. Tangu kizazi cha Core cha mwaka 2006, kihisi cha kidijitali cha Intel hakisemi "nina nyuzi 55". Husema "nimebakiza nyuzi 45 nifike kikomo". Programu huchukua kikomo, tuseme 100, ikatoa 45, ndipo unaona 55. Je, programu ikidhani kikomo ni 85? Itakuandikia 40! Prosesa ni ile ile, joto ni lile lile. Miaka hiyo waandishi wa programu walilazimika kukisia vikomo vya prosesa za kompyuta za mezani, hadi Intel ilipovitangaza mwaka 2008. Isitoshe, vihisi hivyo vilirekebishwa viwe sahihi karibu na kikomo. Mashine ikiwa imepumzika, nambari inaweza kuwa mbali na ukweli.

AMD nayo ilikuwa na yake. Mwaka 2017, Ryzen 7 1700X na 1800X zilitoa nambari iliyoongezwa nyuzi 20 makusudi, ili feni za aina zote zidhibitiwe kwa mpango mmoja. Aliyesoma 58 alikuwa na 38.

Basi ufanye nini? Kwanza, tumia akili ya kawaida. Ukiwa Mombasa, chumba kina nyuzi 31, na programu inasema prosesa ina 26, hiyo ni hekaya. Feni hupuliza hewa ya chumbani. Haiwezi kupoza kitu kikawa baridi kuliko hewa yenyewe.

Pili, tazama umbali uliobaki hadi kikomo, mashine ikifanya kazi nzito kwa dakika kadhaa. Mimi huandika programu usiku wengine wakiwa wamelala, kwa hiyo feni zangu huzunguka polepole. Nikikompaili mradi mkubwa, prosesa hupita nyuzi 70, na kikomo chake ni 100. Sina shida nayo. Utulivu unalipiwa kwa nyuzi kadhaa, na bei hiyo naikubali.

Tatu, linganisha mashine na yenyewe. Ikiwa kazi ile ile, katika chumba chenye joto lile lile, ilifika 70 mwaka jana na leo inafika 85, fungua kasha. Huenda ni vumbi, au feni imechoka. Badiliko hilo lina maana kuliko nambari yoyote ya siku moja.

Na ukisikia Ryzen 7000 za mwaka 2022 zinafika 95 zikikazwa, usishtuke. AMD ilizibuni hivyo.

Haya, mpaka siku nyingine.